Leo Sina Pua

Kaka yangu akinuna, nyumba nzima inajua. Akiumwa, hakuna anayejua. Ndivyo alivyo tangu utotoni, na mimi niliyemfuata ziwa nilimzoea hivyo hivyo, mpaka tabia hiyo ilipomtoa kazini.

Tulifanya kazi chumba kimoja. Yeye alikuwa mwonja chai, mimi mpanga vikombe. Watu wakisikia kuna mwonja chai hucheka, wakidhani ni mtu anayelipwa kwa kunywa. Hanywi chochote. Anapita kwenye meza ndefu yenye vikombe vyeupe, anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kelele kama mtu asiyefunzwa adabu kwao, anaizungusha mdomoni, pumzi anaipandisha puani, kisha anatema kwenye ndoo. Ulimi haujui mengi. Kazi yenyewe iko puani. Pua ndiyo inayosema hii imekaushwa vizuri, hii imeungua, hii imelala kwenye gunia bichi ikapata ukungu. Mwonjaji akisema "hii safi", wanunuzi walio mbali wananunua kwa neno lake, hata jani hawajaliona.

Kaka walimwita Bwana Pua. Na jina alilipenda, asikudanganye mtu. Ukimwita hivyo mbele ya wageni alikuwa anainua kidevu kidogo, nami namkonyeza mwenzangu.

Chumba chetu kilikuwa na masharti yake. Marashi marufuku. Vitunguu marufuku. Sabuni ya kunukia, mafuta ya nywele, pipi za mnanaa, vyote unaviacha nyumbani. Dawa ya mafua ya kupaka kifuani ndiyo usiguse kabisa, maana harufu yake inaganda kwenye nguo na kuharibu vikombe vya watu wote. Siku moja mfagiaji aliingia amejipaka, tukashinda madirisha wazi na kazi imelala.

Lakini sharti kubwa lilikuwa hili. Mwonjaji aliyeamka na mafua anasimama mlangoni asubuhi na kusema, "Leo sina pua." Basi, yamekwisha. Tutamtania kidogo, tutamuuliza kaisahau wapi, kisha anakaa na sisi upande wa mizani anapima majani, na mwenzake anashika kijiko mpaka apone. Mkuu wa chumba mwenyewe, mama mmoja aliyeonja chai tangu usichana wake, nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na dunia haikuanguka.

Kaka hakuwahi kusema. Hata siku moja.

Msimu ule wa baridi mafua yalipita nyumba kwa nyumba, yakamkuta na yeye. Watu wengine wangejifukiza, wangejipaka, wangelala. Yeye hakuweza kujipaka kwa sababu ya masharti, na kulala hakutaka, kwa sababu chai nzuri ndiyo ilikuwa inaingia na mwonjaji msaidizi alikuwa anangoja nafasi. Huyo msaidizi tulimwita Bi Kimya. Hana maneno, lakini ana pua hatari. Kaka alimwogopa, ingawa angekatwa ulimi kabla hajakiri. Basi akaenda duka la dawa akanunua ile dawa ya kupuliza puani, ya chupa ndogo, isiyohitaji cheti cha daktari. Haina harufu ya kuganda kwenye nguo. Unapuliza huku, unapuliza kule, ukimaliza kufunga vifungo vya shati pua iko wazi kama dirisha.

"Mdogo wangu," aliniambia akiwa na furaha kweli, "nimepata mwarobaini wangu."

"Mwarobaini wa dukani?"

"Wewe cheka tu."

Nilicheka. Mtu akipona utamfanya nini?

Mafua ya kila mtu yaliisha. Ya kaka hayakuisha. Alipuliza asubuhi, akapuliza mchana, kisha nikaanza kumwona anachomoka katikati ya kazi kwenda stoo, anarudi anavuta pumzi na macho yana maji. Chupa ilihamia mfuko wa shati. Wifi yangu, mkewe, akanilalamikia kwamba mumewe anakoroma mdomo wazi, kwamba akiisahau chupa anarudi njiani kuifuata, kwamba ile hasira yake ya kawaida sasa imezaa. Mtoto wao mdogo alipopata mafua, kaka alisema apulizwe ile ile. Wifi akakataa katakata, wakagombana, na nilimpongeza wifi kwa hilo.

"Kaka," nilimwambia stoo, "hayo mafua gani yasiyo na chafya wala homa?"

"Ni vumbi la majani."

"Vumbi hilo limeanza jana? Umelivuta miaka yote hiyo."

"Nenda kapange vikombe."

Nikaenda kupanga vikombe. Nilikuwa nimefura mpaka nikamwagia maji ya moto mkono wangu mwenyewe.

Kisha jambo likazuka. Shehena moja ilirudishwa na wanunuzi. Chai ilikuwa na ukungu, tena wa kuusikia mtu yeyote aliye hai, na neno "safi" lilikuwa la kaka yangu. Mkuu wa chumba hakumtaja. Alituita wote, akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba wiki inayofuata patakuwa na mtihani wa vikombe kwa waonjaji wote, yeye mwenyewe akiwemo. Katika safu kutakuwa na kikombe chenye ukungu na vikombe viwili vya chai moja. Atakayeshindwa kuvipata ataondoka mezani. Kila mtu alitazama chini. Kaka alitazama dirishani, na niliona mkono wake unapapasa mfuko wa shati.

Siku ile ile nilimkokota mpaka duka la dawa. Nasema nilimkokota, kwa sababu alikuja shingo upande, akilalamika njia nzima kwamba namfanya mtoto. Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza kaka akiongea kwa sauti ya mtu aliyezibwa.

"Umeitumia tangu lini?"

"Siku chache tu."

"Tangu baridi," nikasema.

Kaka akanikata jicho. Mfamasia akaivua miwani.

"Tangu baridi! Karatasi ya ndani hukuisoma?"

"Maandishi madogo."

"Madogo, lakini yanasema. Dawa hii ni ya siku tatu. Ukizidisha wiki umejitafutia. Sikiliza, baba. Ndani ya pua kuna mishipa ya damu. Ukiwa na mafua inavimba, ndiyo unaziba. Dawa inaibana, unapumua. Ukiibana kila siku inazoea, na dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo. Unapuliza tena, inavimba tena. Mafua yako yalipona zamani. Kinachokuziba sasa ni hiyo chupa."

Nilimwangalia kaka. Alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Una presha?" mfamasia akauliza.

"Anayo," nikasema, "na vidonge anavyo."

Akampima hapo hapo. Alipoona namba, midomo yake ikabana. "Mwenye presha hanunui hii bila kuuliza. Haibani mishipa ya pua peke yake. Na chupa haiazimwi, hata kwa mke. Mtoto mdogo ndiyo kabisa, iwekwe mbali, akiinywa ni hatari kubwa."

"Sasa nifanye nini?" Kaka aliuliza kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa muda mrefu, na moyo uliniuma.

"Unaacha. Wengine wanaacha tundu moja kwanza, likipona wanaacha la pili. Unasafisha pua kwa maji ya chumvi, yale yaliyotengenezwa vizuri ya dukani. Unakwenda kwa daktari, anaweza kukupa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, na presha aiangalie. Utateseka, sikufichi. Utaziba kabisa. Lakini itafunguka."

"Kwa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Wengine zaidi."

"Nina kazi wiki ijayo."

"Pua haijui kazi yako," mfamasia akasema.

Tulipofika kona ya nyumba yao nilimwambia, kesho simama mlangoni useme. Sema huna pua. Mkuu atakuelewa, atakuweka kwenye mizani, utajitibu, mtihani utaufanya ukipona. Ni maneno matatu tu, kaka. Hayaumi.

"Baada ya shehena ile?" akasema. "Nikisema leo sina pua, watauliza jana nilikuwa nayo? Na juzi? Na siku ile niliyosema safi? Watajua nilikuwa naonja kipofu msimu mzima."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Akasema atapuliza mpaka mtihani upite, halafu ndipo ataacha. Nikampasha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, barabarani, watu wakipita. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba hajafa. Sikio la kufa, nikajisemea, na nikaondoka bila kumwamkia wifi.

Wifi alinifuata mwenyewe nyumbani kwangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauvutavuta mtandio wake, mwisho akalitoa. "Wifi, wewe ndiye unayepanga vile vikombe. Unajua kipi ni kipi."

"Usiseme."

"Kijiko tu cha kikombe kibovu ukigeuze, kaka yako ataelewa. Nani mwingine ataona?"

Nilimpenda wifi yangu, na nilijua ana haki ya kuogopa. Lakini nilimwambia ng'o. Nikamwambia nikigeuza kijiko leo, kesho atasema safi kwenye chai mbovu nyingine, na keshokutwa, na mishipa ya kichwa chake itapasuka mezani akiwa na chupa mfukoni. Sitamsaidia kujiua. Wifi alilia, nami nikalia, tukaishia kulaumiana kwa mambo ya zamani yasiyohusika, kama kawaida ya mawifi.

Siku ya mtihani nilichemsha maji, nikapima majani, nikapanga safu kama mkuu alivyoniagiza. Kikombe cha ukungu nilikiweka katikati. Hata mimi, nisiye na pua yoyote ya kujivunia, nilipokimwagia maji niligeuza uso. Kilinuka kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Waonjaji wakaingia. Kaka alitoka stoo wa mwisho, macho mekundu, na shingoni mshipa ukimcheza. Alikuwa amepuliza sana. Mkuu wa chumba akasimama kwenye kichwa cha meza, akauliza kama anavyowauliza waonjaji kila asubuhi.

"Kuna asiye na pua leo?"

Nilimtazama kaka. Nilimtazama kwa macho yangu yote, nikimwomba. Sema, kaka. Mlango bado uko wazi, sema. Yeye akatazama vikombe.

Nami sikuweza kuvumilia tena. Nilikuwa nimeshika birika, na nilisikia sauti yangu ikitoka. "Kaka yangu hana. Ana muda mrefu hana. Anatumia dawa, imemziba, na presha iko juu. Mama, naomba umweke upande wa mizani atibiwe."

Mkuu akageuka kwa kaka. "Ni kweli?"

Na nadhani hapo alikuwa anamnyooshea mkono wa msaada. Sauti yake ilikuwa ya huruma. Angesema ndiyo tu, basi.

"Huyu ni mpanga vikombe," kaka akasema. "Si daktari. Pua yangu ninayo."

Mkuu akainamisha kichwa. "Haya. Anza wewe."

Alianza. Alichota, akafyonza, akatema. Kikombe cha kwanza, akasema maneno yake ya kitaalamu. Cha pili, vivyo hivyo. Aliyasema vizuri, kwa kuwa maneno aliyajua kwa moyo. Akafika katikati. Akachota kutoka kikombe kile, akafyonza, akaizungusha mdomoni mwake chai ile yenye harufu ya kitambaa kibovu, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Hii safi," akasema.

Bi Kimya alifumba macho. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kaka aliziona nyuso zetu, akajua. Akainama tena kwenye kikombe kile kile, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena kama anayetaka kukinywa kwa pua, na pale damu ikamtoka. Lile tundu lililokaushwa na dawa lilipasuka. Tone likaanguka ndani ya kikombe cheupe, na la pili, kisha ikawa haikomi. Ilimwagika kwenye safu, kwenye vijiko, kwenye shati. Nilitupa birika nikamkimbilia, nikamwinamisha mbele, nikaibana pua yake kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Mtu mzima, kaka yangu, nimembana pua kama mtoto.

Bi Kimya ndiye aliyeleta kiti. Ndiye pia aliyemwaga safu nzima na kuosha meza, bila neno.

Damu ilipokatika, mkuu wa chumba alikaa mbele yake. "Pua inaumwa na inapona," alimwambia. "Mimi yangu imeumwa mara ngapi? Ungeniambia wakati ule, ungeniambia hata leo asubuhi, ningekungoja. Sasa nimekuuliza mbele ya watu wote, ukasema unayo. Hapa tunauza neno, ndugu yangu. Hatuna kitu kingine. Siwezi tena kuliuza la kwako."

Kaka alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akapita mbele yangu bila kunitazama.

Hakuongea na mimi baada ya hapo. Habari zake nilizipata kwa wifi. Kwamba alikwenda kwa daktari, akabadilishiwa vidonge vya presha, akapewa dawa nyingine ya pua. Kwamba chupa alimkabidhi mkewe mwenyewe, akaiomba, akanyimwa, akaiomba tena kwa matusi, akanyimwa. Kwamba alilala ameketi, amefunga macho, akihema kwa mdomo. Kwamba alipata kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la saruji, na huko hakuna anayejua alikuwa nani. Nilikuwa natuma salamu. Zilikuwa zinafika, hazirudi.

Mpaka wifi alipokuja na ujumbe: kaka yako anakuita, na anasema uje na majani.

Nilijua ni majani gani. Baada ya kazi tunaruhusiwa kuchukua mabaki ya sampuli. Nilichota ya aina tatu, nikafunga kila moja kwenye karatasi yake, nikaenda mchana wa siku ya mapumziko. Nilimkuta ameketi jikoni. Alikuwa amepungua, na saruji ilikuwa imemganda kwenye kope. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Alikuwa anapumua kwa pua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Pika."

Nilipika katika vikombe vyao vya nyumbani, kimoja cha maua, kimoja cha bati, kimoja kimemeguka mpini. Wifi alisimama mlangoni na mtoto kiunoni. Kaka akachota kwa kijiko cha sukari, akafyonza kwa ile kelele yake. Mtoto akacheka. Akatema kwenye beseni la vyombo.

"Hii ya mlimani," akasema, "imechumwa baada ya mvua. Nzuri."

Akachota cha pili. "Hii imepita moto. Kidogo tu, mwishoni."

Cha tatu alikaa nacho muda mrefu. Alikinusa, akakiweka, akakinusa tena. "Hii watu wataisifu. Lakini iko karibu na ukungu. Bado haujaingia, uko njiani. Gunia likikaa wiki moja limekwisha." Akaniinulia macho. "Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Ile ya tatu asubuhi ya jana meza nzima iliipitisha, isipokuwa Bi Kimya aliyekunja uso akashindwa kusema ni kwa nini. Nilitaka kumdanganya. Wallahi nilitaka, nimwambie amebahatisha moja, akalale. Lakini uongo ndiyo uliotufikisha pale.

"Hukukosea," nikasema. "Zote umepatia."

Wifi alipiga kigelegele, maskini, akidhani ni furaha. Kaka hakufurahi. Aliweka kijiko chini, akaishika pua yake kwa vidole viwili vyenye saruji, polepole, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya mtoto wake.

"Imerudi," akasema. "Imerudi yote. Sasa niipeleke wapi?"